Nilinunua bastola ya upepo ya shabaha, mtumba, nikailaumu miezi saba kumbe kosa liko kwenye mpini

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha sana ila kila mara naona mtu anauliza "nianze na bastola gani ya upepo" halafu anamwagiwa majina ya modeli basi, hakuna anayemwambia akiishika mkononi aangalie nini. Ngoja niseme yaliyonikuta mimi. Ni marefu, mwenye haraka apite tu.

Naongelea ile ya mita 10, kalibari 4.5 mm, unashika mkono mmoja unapiga risasi moja moja, mchezo uko Olimpiki tangu Seoul 1988. Sio zile zinazofanana na bastola za sinema, hizo zina uzi wake.

Mpya sikuiweza nikaamua mtumba, na sijutii. Aliyeniuzia alikuwa mpigaji kweli sio dalali, ameitunza, boksi lake lipo, vispana vyake vipo, hata ile kadi ya majaribio ya kiwandani ipo, wanaifunga bastola kwenye jiliwa wanapiga risasi tano, zote zimeingia tundu moja utadhani ni risasi moja iliyochafua kidogo pembeni. Modeli siitaji, nikitaja tu uzi unageuka vita ya kampuni. Ni ya mtungi wa hewa, mtungi uko chini ya mtutu unaujaza mpaka bar 200.

Basi nikaanza kupiga. Risasi zinaenda kushoto chini. Napiga kumi, saba ziko kushoto chini, tatu zimetawanyika kama kuku. Nikazungusha lengeo la nyuma klik hata sijui ngapi, siku ile zikakaa katikati, kesho yake zikahamia kulia juu! Nikasema nimepigwa, mtutu umeliwa huu. Nikabadilisha aina ya risasi mara tatu. Nikasafisha mtutu. Nikamtumia muuzaji meseji ambazo leo nikizisoma naona aibu, na yule mzee alinijibu kwa upole tu: "iweke juu ya mfuko wa mchanga, halafu uniambie."

Nikaiweka juu ya mfuko wa mchanga, nikapiga tano. Tundu moja. Nikapiga tano nyingine kwa zile risasi nilizokuwa nazitukana. Tundu moja tena, kubwa kidogo labda.

Nilikaa chini aisee. Maana sasa sina wa kumsingizia.

Kilichonifungua macho ni jaribio la dakika moja ambalo ningelijua mapema ningeokoa miezi saba na boksi sijui ngapi za risasi. Unasimama kwenye pozi lako, unaangalia shabaha, unafumba macho, unainua mkono kama unapiga, unatulia, unafumbua. Usirekebishe chochote, angalia tu lengeo la mbele limekaa wapi ndani ya pengo la lengeo la nyuma. Langu kila nikifumbua limelala kushoto. Mara ishirini, mara ishirini zote kushoto. Yaani ili nione malengeo yamenyooka inabidi nipinde kifundo cha mkono kidogo, na siku nikichoka kifundo kinarudi kwenye hali yake, siku nikiwa na nguvu nakipinda kupita kiasi, ndio maana nilikuwa nahamisha malengeo kila siku kama mtu anayehamisha kitanda kwa sababu paa linavuja.

Sababu: mpini. Hizi bastola zina mpini wa mbao uliochongwa kufuata kiganja, na mwenye bastola huwa anauongeza na kuupunguza mpaka uwe kama glovu yake. Yule mzee alikuwa ameuchonga kwa tupa, eneo la chini ya kidole gumba kalichimba, nyuma kwenye kiganja kaongeza puti, kazi nzuri mno. Kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nimevaa kiatu cha mtu.

Kwa hiyo mnunuzi wa mtumba, kabla ya kuuliza imepigwa risasi ngapi, shika mpini. Mengine nitajibu mkiuliza.

#2

Nimeweka kambi hapa. Swali la kizembe mkuu, sasa mpini umeufanyaje, umenunua mwingine au umeuchonga upya?

#3 (mleta uzi)

Sio la kizembe. Nilianza na vitu vinavyotoka. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli nikakibandika kwa tepu nyuma upande wa kulia, napiga wiki nzima, nahamisha, napunguza, mpaka lile jaribio la kufumba macho likakaa katikati mara nyingi kuliko pembeni. Hapo ndio nikachanganya puti ya mbao nikajaza palepale tepu ilipokuwa, nikabonyeza kiganja ikiwa bado laini (paka mafuta mkononi au vaa glovu nyembamba la sivyo utabaki nayo kama mkono wa bandia), ikakauka, nikapitisha msasa. Nilirudia mara nne. Kile kibao cha chini kinachobeba kiganja nacho kina skrubu, usikibane mpaka kinakuuma, kiguse tu.

Mbao usiichonge siku ya kwanza! Puti ukikosea unabandua, mbao ukiila imeliwa.

#4

Mimi nilianza hii kitu zamani kidogo naomba kuongeza, maana mleta uzi kaongea vizuri ila kaacha kinachoweza kumtia mtu hasara ya kweli, MTUNGI.

Mitungi ya hizi bastola ina tarehe ya kutengenezwa imegongwa juu yake. Viwanda vinatoa miaka 10, baada ya hapo hawakushauri kuutumia, na kwenye mashindano yanayofuata kanuni za ISSF (shirikisho la dunia la mchezo wa shabaha) mpigaji ndiye anayewajibika mtungi wake uwe ndani ya muda. Sasa mtu anakuuzia bastola nzuri kabisa, inang'aa, mtungi una miaka 14. Hesabu yako inabidi iwe na bei ya mtungi mpya ndani, na kama modeli ni ya zamani sana uliza kwanza kama mtungi wake bado unapatikana. Kama ina mitungi miwili soma tarehe ya yote miwili, mara nyingi mmoja mzima mwingine ni marehemu.

Halafu adapta ya kujazia. Kila kampuni ina nyuzi zake za skrubu, ya huyu haiingii kwa yule. Nimeona mtu kanunua bastola amekaa nayo mwezi mzima bila kupiga kwa sababu ya kipande cha chuma kikubwa kama kidole gumba. Adapta iwepo kwenye boksi, usikubali "nitakutumia baadaye".

Kuvuja: jaza mpaka juu, soma geji, acha mpaka kesho, soma tena. Ikishuka kidogo kwa sababu ya baridi ya usiku ni kawaida, ikishuka sana kuna oringi (kile kipete cha mpira cha kuzuia hewa) imekufa. Oringi ni kitu kidogo lakini fundi asiyezijua asikuguse, na mtungi wenye presha haufunguliwi kwa spana, nimesema HAUFUNGULIWI.

Na jamani, hewa safi ya kawaida tu. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kama mtungi wa oksijeni wa kuchomelea unafaa. Oksijeni ya presha ikikutana na grisi kidogo tu ni mlipuko. Tumia mtungi wa wazamiaji au pampu ya mkono ya presha kubwa, ukipampu toa maji kwenye kichujio, jaza polepole.

#5

Mnajichosha kwa kitoy. Upepo upepo gani, bastola isiyo na kishindo ni ya watoto.

#6

^^ Kitoy hicho kikikuingia jichoni hutarudi kuandika hapa. Risasi inatoka kwa mwendo wa kama mita 150 kwa sekunde. Miwani ya kinga, kizuizi cha risasi kinachoeleweka nyuma ya karatasi, mlango umefungwa asikatize mtu. Na ile kamba ya rangi kali ndani ya mtutu muda wote ambao hupigi ili kila mtu aone haina kitu ndani.

Halafu jaribu uone kama ni ya watoto. Kumi yenyewe ni duara la mm 11.5, uko mita 10, mkono mmoja hauna egemeo, bastola karibu kilo moja mpaka moja na zaidi, na unatakiwa uifanye mara 60 ndani ya dakika 75. Rekodi ya dunia ya wanaume ya mchujo, 594 kati ya 600, Jin Jong-oh wa Korea Kusini aliiweka 2009.

#7

Kanuni za mita 10 zinasemaje kuhusu bastola yenyewe? Nisije nikanunua ya kukataliwa mlangoni.

#8

Uzito usizidi g 1500 na vikorokoro vyake vyote. Iingie kwenye boksi la mm 420 kwa 200 kwa 50. Malengeo ya wazi tu, hakuna darubini hakuna taa. Triga isiwe chini ya g 500. Mpini usizunguke kifundo cha mkono wala kukipa egemeo. Mtumba mara nyingi unafeli kwenye triga, na mpini uliojazwa puti kwa uroho mpaka hauingii kwenye boksi la mm 50. Mleta uzi nenda kapime wako hahaha.

#9 (mleta uzi)

Nimepima sasa hivi mkuu umenitia hofu bure. 48.

Ila triga ndio nilinaswa. Yangu ilikuja kwenye g 430 hivi, yule mzee alikuwa anapigia nyumbani tu miaka ya mwisho kailegeza. Sikujua. Kupima ni rahisi, chupa ya maji na kamba: nusu lita ya maji ni g 500, ongeza na uzito wa chupa yenyewe kwa hiyo maji yapungue kidogo, jumla ikae 500 au mbili tatu juu. Mtutu uangalie juu, bastola imekokiwa na ina hewa, risasi hakuna, uelekeo salama, ning'iniza chupa kwenye triga halafu inyanyue taratibu kutoka mezani. Ikinyanyuka bila kufyatuka umepita.

Tena usiikaze iwe 501, iache 520 hivi, joto na vumbi vina tabia zao.

#10

Naomba kueleweshwa, springi, kupampu mara moja, gesi ya CO2 na mtungi wa hewa, mtumba ipi ina amani? Bajeti yangu ni ya mtu aliyeachishwa kazi.

#11

Naandika kwa kirefu kwa sababu zote nimewahi kumiliki isipokuwa moja.

Springi za shabaha, mfano maarufu ni Feinwerkbau 65, ilianza 1965 kama jina lake. Springi yoyote ikifyatuka inaruka, wao walifanya ujanja, mtambo wote wa juu unateleza nyuma kwenye reli pale inapofyatuka, mkono unasikia kama mtu amekugusa bega kwa adabu. Ina kiswichi cha kubana hiyo reli kama unataka mrindimo, na cha triga kutoka g 500 kwenda 1360 kwa wanaojizoeza na bastola za moto. Diana nao walikuwa na mfumo wao wa pistoni mbili zinazokimbia pande tofauti zifutane. Uzuri wa springi hutafuti hewa, unakokisha mkono wa pembeni unapiga. Ubaya, baadhi ya mashine za miaka ile sili zake za plastiki zinaoza zenyewe hata kama haijapigwa, unaifungua unakuta makombo kama jibini kavu. Kwa hiyo maneno ya muuzaji "imekaa kabatini miaka 30 haijaguswa" kwangu mimi sio sifa, ni onyo. Muulize sili zimebadilishwa lini.

Kupampu mara moja: Walther LP3 ya zamani, FWB (ndio Feinwerkbau hao hao) 103, IZh-46M ya Izhevsk. Pampu moja risasi moja, presha ni ile ile kila mara, haina mtungi wa kuisha muda wala regyuleta (kile kifaa cha kusawazisha presha inayotoka mtungini) ya kuharibika. Ukiniuliza mimi mtu wa bajeti aende huku. IZh-46M ina mpini mkubwa kama umechongwa na fundi wa milango lakini triga yake tamu na mtutu umekaa chini karibu na mkono, haikuruki. Shida ni kuchoka, 60 za mechi jumlisha za kujipima kabla, pampu zote hizo kwa mkono huo huo mnaotaka utulie... Unapoijaribu, pampu, sikiliza. Ukisikia "sssss" sili imekwenda. Pampu nyingine subiri dakika mbili ndio upige kwenye karatasi, ikianguka chini sana kuliko ile ya haraka inavuja taratibu. Mafuta yake ni ya silikoni tone moja, usiweke mafuta ya cherehani wala ya injini ndani ya chumba cha hewa.

CO2, enzi zake zilikuwa nzuri, sasa mtumba zinauzwa kwa bei ya huruma na kuna sababu. Gesi ile inafuata joto, asubuhi ya baridi inapiga polepole na chini, mchana inapanda, halafu kuijaza ni shughuli, unapooza mtungi mdogo, unapima kwa mzani usizidishe. Baadhi zinaweza kubadilishwa kuwa za hewa kwa vifaa vya kiwanda chenyewe, uliza kabla sio baada.

Mtungi wa hewa ndio wanayotumia wote kwenye mashindano makubwa leo: Steyr LP10 na Evo 10, Morini 162, Pardini K10 na K12, Walther LP300, LP400, FWB P44 na ndugu zake. Hizo zikitunzwa zinafika mbali mno, risasi ya 4.5 ni laini na inaenda polepole, mtutu hauliwi kirahisi. Mtutu unaharibiwa na kutu, na mtu anayeusafisha kwa fimbo ya chuma kupitia mdomoni akakwaruza pale mwisho. Chungulia mdomo wa mtutu kwa taa, uwe umezunguka sawasawa hauna nundu.

#12

Nakazia #11 kuhusu regyuleta. Bastola ya mtungi ikikaa siku mbili halafu risasi ya kwanza inaruka juu kuliko zinazofuata, hiyo ni regyuleta inavujisha presha kuelekea kwenye valvu ikiwa imepumzika. Ukiwa na kipima mwendo unaiona waziwazi, ya kwanza juu halafu zinatulia. Sio kifo, ni kazi ya fundi, ila inashusha bei.

Za triga ya umeme pia, jaribu ukiwa na betri MPYA mfukoni mwako. Nimeuziwa moja "betri tu imeisha mkuu" kumbe saketi ndio imeisha.

#13

Pole sana 😂 betri tu imeisha. Hiyo ni sawa na "gari zima tatizo ni spidi mita tu".

#14

Mimi ni wa mkono wa kushoto, mpo? Kila mtumba ni wa kulia. Nimepata bastola nzuri ila mpini ndio hivyo.

#15

Tupo. Mpini unatoka kwa skrubu moja au mbili, tafuta mpini tu wa kushoto wa modeli hiyo, wa kiwandani au wale wanaochonga kwa kuchora kiganja chako. Angalia pia mkono wa kujazia uko upande gani, mingine inakuudhi. Na chukua saizi sahihi, S, M, L, watu tunajidanganya tuna mikono mikubwa.

#16

Mleta uzi turudi kwako. Hiyo kushoto chini yako mimi siamini ni mpini peke yake. Kushoto chini kwa mtu wa kulia ndio ugonjwa wa kuivuta triga kwa kiganja kizima, unakaba. Mpini umekupa kisingizio cha pili baada ya mtutu.

#17 (mleta uzi)

😅😅 Nilikuwa najiuliza nani ataliona. Ni kweli mkuu. Mpini ulinipa kama nusu ya tiba. Nusu nyingine ni hii nawaambia, na kwangu ndio kitu kikubwa nilichojifunza.

Nilikuwa nahangaika kutuliza mkono. Naona lengeo linaelea chini ya duara jeusi, nasubiri litulie, halitulii, nasubiri, jicho linachoka, likipita katikati nashtua: SASA! paf, saba. Kumbe hesabu yenyewe inakataa. Kati ya lengeo la mbele na la nyuma kwenye bastola yangu ni kama mm 320. Shabaha iko mm 10,000. Mkono wote ukihama mm 5 pembeni bila kupinda, risasi inahama mm 5, na kumi ina nusu kipenyo mm 5.75 halafu risasi yenyewe ina mm 2.25 zake na ikigusa mstari tu umeipata, kwa hiyo una karibu mm 8 za kuelea na bado ni kumi. Lakini lengeo la mbele likihama mm 1 tu ndani ya lile pengo, zidisha, 10,000 gawa 320, risasi inahama mm 31. Mm 31! Umetoka kumi umefika saba. Robo milimita tu inakula nafasi yako yote.

Kwa hiyo kuelea hakuniui. Kinachoniua ni kupinda, na ninapinda pale ninaposhtua triga. Sasa hivi jicho langu liko kwenye lengeo la mbele, makali kabisa, shabaha naiona kama ukungu mweusi juu yake, naacha kijinafasi cheupe katikati, mkono unaelea unavyotaka, kidole kinaongeza taratibu mpaka inafyatuka yenyewe. Ikipita sekunde kama nane haijafyatuka nashusha mkono. Kushusha mkono ndio kitu kigumu kuliko vyote, kiburi kinakwambia maliza.

Nikaacha risasi kabisa wiki tatu. Geuza karatasi upande mweupe, au ukuta mtupu, unafyatua kavu (bastola hizi zina sehemu yake ya kufyatua bila hewa, tafuta kwenye kitabu chake, za springi usizifyatue tupu), unaangalia tu kama lengeo limetingishika inapofyatuka. Hakuna duara la kukutia tamaa. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa, mtu mzima anaelekea ukuta anasimama nusu saa.

#18

Hapo kwenye kushusha mkono umeniona. Mimi nimeshusha labda mara tano maisha yangu yote.

#19

Yule baba wa Uturuki wa Paris 2024, Yusuf Dikeç, mkono mmoja mfukoni, miwani yake ya kawaida, macho yote mawili wazi, akachukua fedha na mwenzake Şevval İlayda Tarhan kwenye timu mchanganyiko. Baada ya hapo kila mtu akaniambia "ona hana vifaa". Hana vifaa vipi, bastola aliyoshika ni ya mashindano kama ya wenzake, alichoacha ni lenzi na vifuniko vya jicho. Mkono mfukoni nao sio swaga, mkono wa pili ukining'inia unakuvuta mwili, wengi wanaufunga mfukoni au kwenye mkanda.

#20

Tena wasisahau Javad Foroughi wa Iran, nesi wa hospitali, dhahabu ya mita 10 Tokyo akiwa zaidi ya miaka 40. Huu mchezo unangoja wazee.

#21

Risasi gani mnatumia? Kuna za saizi 4.49, 4.50, nimechanganyikiwa.

#22

Kichwa bapa, lazima, inakata tundu safi kama ya mashine ya ofisini, zenye ncha zinachana karatasi utagombana na kuhesabu. Za bastola ni kama g 0.45, nzito kidogo za g 0.53 ni za bunduki, ingawa wengine wanapigia zote. Hizo namba ni kipenyo cha kichwa. Nunua boksi moja moja za saizi mbili tatu, mfuko wa mchanga, tano tano, iliyobana ndio yako. Tofauti ni ndogo, mleta uzi kashasema, usianze kulaumu risasi ukiwa unapiga 480.

Na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Risasi ni risasi, madini yenyewe, yanabaki vidoleni. Hakuna chai mezani pa kupigia.

#23

Sheria je? Nyumbani inaruhusiwa?

#24

Hilo usiulize uzi, uliza polisi wa kwako kabla hujalipa hata senti, nchi na nchi zinatofautiana mno. Nchi nyingine ni kama kifaa cha michezo tu, nyingine ni silaha kamili na kibali juu. Ukiona herufi F ndani ya pembetano kwenye mtumba wa Ujerumani, hiyo ni alama ya kwao kwamba nguvu haizidi jouli 7.5, wao wanaihesabu hivyo, ya kwako sio lazima. Na kuivusha mpaka mkononi kwenye begi bila karatasi, usithubutu.

#25

Mleta uzi sasa unapiga ngapi? Tusije tukawa tunafundishwa na mtu wa 450 hapa.

#26 (mleta uzi)

Nilikuwa 470 wakati namtukana mzee wa watu. Mwezi uliopita 531, jana 518, nilikuwa na usingizi. Sio za kutisha lakini za kushoto chini zimebaki mbili tatu kwa mechi na kila ikienda huko naijua kabla sijaangalia karatasi, kidole kilikaba.

Yule mzee nilimpigia kuomba msamaha, akacheka sana. Akasema naye alipoinunua, alikuwa wa pili, aliukuta mpini una puti ya mtu mwingine chini ya puti yake.

#27

Ukitaka kupanda modeli ya juu usitangaze, nitafute mimi kwanza. Mpini nitajua mwenyewe.

#28 (mleta uzi)

Mtungi wake umebakiza miaka mitatu mkuu, tutaongea mwaka wa pili. Kiganja chako S au M?